Kichupa cha Pangani: safari ya kushuti na spika miguuni

Jumatano: Tegeta hadi Pangani

Tumeondoka Tegeta alfajiri kabla foleni haijashika, magari mawili: Noah ya watu na Hiace ya vifaa. Dereva kachagua njia ya Bagamoyo atokee Msata, kukwepa malori ya Kibaha na Chalinze. Mimi nipo kwenye Hiace, spika miguuni. Kazi yangu kwenye vichupa, yaani video za nyimbo, ni pleibeki: ndiye ninayeupiga wimbo msanii aufuatishe kwa mdomo, na ndiye ninayejua ubeti wa pili unaanza sekunde ya ngapi hata ukiniamsha usingizini. Mtu wa pleibeki hakuna anayemkumbuka, kwa hiyo husikia mengi.

Wimbo wenyewe ni wa mke ambaye mumewe kaenda Oman kutafuta. Ubeti wa kwanza ni kazi za nyumbani tupu. Kapika chai ya watu wawili, kaanua nguo kabla ya mvua, kafungua mlango wa uani na kuufunga tena. Hakuna neno "nakupenda" mpaka kiitikio. Msanii ni binti wa Temeke, na mwongozaji wake ni yule yule wa tangu mwanzo, tangu walipopanda juu ya paa la ghorofa Kariakoo na kamera ya kuazima. Msanii humwita mwongozaji "kaka", naye mwongozaji humwita msanii "mdogo wangu", isipokuwa siku za malipo, ndipo msanii anaitwa "bosi".

Ubishi ulianzia Segera tuliposimama kula. Meneja ni mpya, hajatimiza mwaka na msanii huyu, na tangu mwanzo alitaka kazi hii ipelekwe Afrika Kusini. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Diamond aliporudia Number One na Davido mwaka 2014, si alikwenda kwa mwongozaji Clarence Peters wa Nigeria? Mwaka huo huo wa 2014 si alirudi na tuzo tatu za Channel O, kituo cha televisheni cha muziki cha Afrika Kusini? Nana mwaka 2015 si kaiongoza Godfather wa Afrika Kusini? Na Aje ya AliKiba, 2016, si Meji Alabi?

Yote kweli, na wanaowacheka wasanii wa miaka ile nadhani wamesahau hali ilivyokuwa. Ukitaka kichupa chako kipite Channel O au MTV Base, picha ilibidi iwe ya kiwango chao. Taa, lenzi, mafundi wa kurekebisha rangi za picha, vyote vilikuwa Johannesburg na Lagos, na huku waliokuwa na hata robo ya vile walikuwa wa kuhesabu. Mwongozaji Adam Juma na studio yake ya Visual Lab walishabeba Bongo Fleva mgongoni miaka mingi, lakini mtu mmoja hawezi kuwa kiwanda.

Mwongozaji alikuwa anatafuna mshikaki. Akauliza bila kuinua kichwa, "Na Waah! kafanya nani?"

Meneja akanyamaza. Waah! ya Diamond na Koffi Olomide, mwaka 2020, kafanya Director Kenny, Mtanzania. Miaka sita tu baada ya safari ile ya Lagos.

Mimi nilikuwa na mfano wangu, ila mtu wa pleibeki haulizwi. Nautaja humu. Just a Band wa Nairobi walitoa Ha-He mwaka 2010, yule Makmende na nywele zake za afro akipiga watu mateke mtaani, Kenya nzima ikapagawa, picha zake zikageuzwa vichekesho kila kona ya intaneti. Mwongozaji wake, Jim Chuchu, alikuwa mmoja wa bendi hiyo hiyo. Hapakuwa na kikao cha kumweleza dairekta wimbo unahusu nini. Kila ninapoona kichupa ambacho picha zinakwenda Mombo na maneno yanakwenda Muheza, huwa nawakumbuka wale.

Kutoka Segera tukakunja kulia. Muheza machungwa yamepangwa barabarani, tukanunua gunia dogo. Tanga mjini hatukukaa. Kutoka hapo hadi Pangani ni kama kilomita 50, mkonge upande huu, minazi upande ule. Tumefika jioni, wote tuna vumbi mpaka kwenye kope.

Alhamisi: kukagua

Siku ya vibali na miguu. Kibali cha Bodi ya Filamu tulikuja nacho kutoka Dar. Sheria yenyewe ni ya mwaka 1976 na bado ndiyo inayoulizwa. Kilichobaki ni kujitambulisha kwa mtendaji, na kulipia Maziwe, fungu la mchanga baharini tulilotaka kushuti, kwa sababu ni hifadhi ya bahari, huendi tu kama unakwenda Kigamboni. Tukasubiri kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini. Tukaisubiri sana. Meneja akatumia muda huo kulala.

Mwongozaji na msanii walikwenda kuzunguka mji wakiwa wawili, nami nikawafuata na simu yenye wimbo, maana mwongozaji ana mtindo wake: kila anaposimama anataka asikie kipande anachodhani kitakaa hapo. Ukutani penye chokaa iliyobanduka akaomba sekunde thelathini za ubeti wa pili. Kwenye ngazi za kivuko akaomba kiitikio. Hapigi picha hata moja. Msanii akisikia kipande kimekaa vizuri hugeuza shingo kidogo, na mwongozaji hutazama shingo hiyo, hatazami ukuta. Nimefanya kazi na waongozaji wengi ambao hufika na picha thelathini walizozihifadhi kwenye simu kutoka vichupa vya watu, wakazitafutia mahali. Huyu hana.

Tulipofika kwenye lile jengo kubwa la mtoni, linaloitwa Jumba la Watumwa, kaka mtu akasimama. Kwa jicho la kamera ni lulu. Madirisha hayana kitu, mwanga unaingia vipande vipande, ukuta una rangi tano. Akaniambia, "Weka kiitikio."

Sikuwahi kubonyeza. Msanii akasema, "Hapa siimbi mapenzi, kaka."

"Hatuonyeshi jengo. Ni ukuta tu."

"Watu wa hapa watalijua."

Mwongozaji akautazama ukuta mara moja tena kama mtu anayeacha sahani ya pilau, kisha akageuka tukaondoka. Hakuuliza mara ya pili, na hakununa. Nimeona waongozaji wakimwambia msanii "niachie mimi, wewe imba tu" kwa jambo dogo kuliko hilo. Pangani si mandhari. Mji huu mwaka 1888 uliwasha moto wa kuwapinga Wajerumani, na Abushiri bin Salim al-Harthi alinyongwa hapa hapa Desemba 1889. Binti yule hakuyataja hayo, wala sijui kama aliyafikiria. Alisema watu wa hapa watalijua, basi.

Jioni ndipo kisa kikubwa kilipozuka. Tumekaa barazani kwenye nyumba ya wageni tunakula wali wa nazi na pweza, mwongozaji akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi: "Ubeti wa kwanza huimbi."

"Siimbi vipi?"

"Wimbo utasikika. Mdomo wako utafungwa. Utapika chai, utaanua nguo, utafungua mlango. Ukiimba 'nimepika chai' huku tunaona unapika chai, tumelisema mara mbili."

Meneja akaweka kijiko chini. Akasema msanii wa kike ambaye mdomo hauonekani ukiimba sekunde arobaini za mwanzo, mashabiki watadhani ni wimbo wa mtu mwingine, huyu kawekwa tu kama video queen. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Mashabiki wetu wanataka kumwona mtu wao tangu sekunde ya kwanza, na wengi wakishaona mandhari tupu hutelezesha kidole.

Msanii hakujibu upande wowote. Akaniambia nimchezee ubeti wa kwanza. Akausikiliza huku anakula. Akasema nirudie, safari hii akaweka mkono mdomoni kama anayejizuia kupiga chafya, akatutazama kwa macho tu mpaka kiitikio kilipoingia. Kisha akasema, "Sawa. Lakini na mimi nina langu. Gauni la kukodi silivai. Nitavaa kanga."

Gauni hilo lilikuwa limekodiwa kwa hela ya kutosha kununua mbuzi wawili, na lilikuwa wazo la mwongozaji mwenyewe. Akacheka. "Umenipata, bosi."

Ijumaa: mjini

Asubuhi tukashuti ndani ya nyumba ya bibi mmoja nyuma ya msikiti, jiko, chai, mlango wa uani. Mchana tukasimama, watu wakaenda kuswali. Baada ya swala tukaendelea.

Bibi mwenye nyumba alikuwa anasuka ukili muda wote, nasi tukaingia tukitoa shikamoo mmoja mmoja mpaka akachoka kuitikia marahaba. Kwa msanii akauliza, akimnyoshea kidole mwongozaji, "Huyu ndiye mumeo?" Hapana bibi, kaka yangu. "Mbona anakutazama hivyo?" Anatazama mwanga, bibi. "Aa, mwanga," bibi akasema, na akaendelea na ukili wake kwa namna iliyotufanya wote tutafute pa kuweka macho.

Swali la bibi si geni. Wasanii wa kike huulizwa hilo wakidumu na mwongozaji mmoja. Wa kiume hawaulizwi. Hakuna aliyemuuliza mwongozaji Enos Olik ana nini na bendi ya Sauti Sol ya Kenya alipowafanyia Nishike na Sura Yako, zote mwaka 2014. Walichoulizwa ni kwa nini Nishike imekuwa ya mahaba vile, na vituo vya televisheni vikakataa kuionyesha. Nadhani kwa mwongozaji mwingine vijana wale wanne wasingevua mashati kirahisi hivyo mbele ya kamera. Kila msanii ana kitu ambacho angekikataa mbele ya mgeni.

Usiku wakazungumza pesa. Kwa kawaida mwongozaji hulipwa nusu mwanzo, nusu akikabidhi faili, na hapo ameachana na kichupa hicho. Kikiangaliwa na watu milioni kumi YouTube, hesabu hiyo si yake. Mwongozaji alishakula sehemu ya posho yake kukodi boti ya kesho, maana bajeti ilikuwa ya boti ndogo na yeye alitaka kubwa. Msanii akasema basi atampa sehemu ya mapato ya YouTube, kila mwezi. Meneja akasema hilo ni la kuandika, si la kusema. Mara ya kwanza safari nzima nikamuunga mkono meneja moyoni. Tuna sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1999, lakini sheria haiwezi kusoma ahadi zilizotolewa juu ya pweza. Wakaandika mistari michache, wakatumiana WhatsApp, kila mmoja akajibu "nakubali".

Jumamosi: Maziwe

Hii ndiyo siku tuliyoifuata.

Maziwe ni fungu la mchanga baharini, kusini mashariki ya mdomo wa mto. Zamani lilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walitaga hapo. Miti ilikwisha, sasa maji yakijaa fungu halionekani kabisa. Mwongozaji alitaka mwanga wa jioni, ule mwekundu wa kabla ya magharibi. Nahodha akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza taratibu kama anayemweleza mtoto: mwezi umeandama juzi, leo ni bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana. Fungu litachomoza kama saa mbili asubuhi, maji yatakupwa kabisa saa nne, saa nane fungu halipo. Jioni kutakuwa na maji tupu. Kama anataka fungu la jioni, asubiri maji mafu, yasiyojaa wala kukupwa sana, wiki ijayo, na hata hapo halitoki lote.

Wiki ijayo hatuna hela yake. Kwa hiyo tunashuti kuanzia saa nne, jua la kaskazi likipanda kwenda utosini. Mtu yeyote wa kamera atakwambia huo ni mwanga mbaya kuliko wote: macho yanakuwa mashimo, pua inaangusha kivuli mdomoni.

Njiani msanii alitapika mara tatu, kwa heshima, upande wa chini ya upepo.

Tulileta kitambaa cheupe kikubwa cha kulainisha jua, kinashikwa na vijana wawili juu ya kichwa cha msanii. Upepo ukakitaka. Kikawa tanga. Kijana mmoja akaburutwa hatua tano mchangani akiwa amekishikilia, wavuvi kwenye boti wakashangilia, na baada ya dakika kitambaa kilikuwa kimepasuka kuanzia pindo mpaka katikati. Mwongozaji akashika kiuno. Hapo ndipo msanii alipochomoa kanga ya mabegani, nyekundu na nyeupe, akaitandaza juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, akaingia chini yake.

Uso ukabadilika. Jua lilipopita kwenye kitambaa, vivuli vya macho vikaondoka, na ngozi ikapata wekundu ule ule ambao mwongozaji alikuwa anaulilia wa jioni. Maua ya kanga yakawa yanatembea shavuni kila upepo ukipiga. Kijana wa kamera akaanza kurekebisha rangi ili wekundu utoke. Mwongozaji akasema, "Acha. Usiguse kitu."

Kisha akanigeukia mimi. "Mara mbili."

Kwa asiyejua: kichupa kikitaka mwendo wa polepole lakini mdomo uendane na wimbo, kamera inanasa picha 48 kwa sekunde, na mimi naupiga wimbo kwa kasi mara mbili. Msanii anaimba haraka haraka kama mnadi wa mitumba. Baadaye picha zikichezwa 24 kwa sekunde, mdomo unarudi kwenye wimbo wa kawaida, ila nguo, maji na upepo vinakwenda kwa uzito wake. Spika inatoa sauti nyembamba ya kitoto, wavuvi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kiitikio kikapita vizuri. Ubeti wa pili ndio uliotushinda. Pale maneno yamebanana, anamhesabia mume simu zisizopokelewa, na kwa kasi mara mbili ulimi unagonga meno.

"Kaka, hapa ulimi haufiki."

"Jaribu tena."

Akajaribu. Haukufika. Nikasema, na sijui nilipata wapi ujasiri, tuweke mara moja na nusu, kamera ishuke 36. Polepole itapungua, lakini maneno yataonekana. Mwongozaji akamtazama msanii, si mimi. Msanii akatikisa kichwa kukubali, na hiyo ndiyo ikawa.

Kati ya saa tano na saa saba wale wawili hawakusemezana sentensi nzima. Yeye akinyanyua vidole viwili, msanii anarudi hatua mbili. Msanii akikunja kanga upande mmoja, kamera inahama upande huo kabla hajamaliza kukunja. Mara moja tu walipishana. Msanii alitaka kulia kwenye mstari wa mwisho na machozi yalikuwa yameshakuja, mwongozaji akakata. Akamwambia, "Huyu mwanamke keshalia zamani. Leo anahesabu tu." Msanii akajipangusa kwa pindo la kanga, akakasirika kweli kweli, akaimba mstari ule kwa hasira. Hicho ndicho kilichobaki.

Saa saba na nusu maji yalikuwa kwenye vifundo, nami nimeibeba spika kichwani. Mwongozaji akaomba boti ikae nje mpaka magharibi, apate angalau maji na jua. "Mwanangu," nahodha akasema, "injini ni moja, na upepo huu jioni unazidi." Tukarudi.

Jumapili: Bweni

Tulivuka kwa kivuko kwenda Bweni kushuti msanii akisubiri ng'ambo, picha chache tu. Pikipiki, kuku, abiria wakitazama kamera moja kwa moja ingawa tuliwaomba wasitazame. Mwongozaji alizipenda hizo za kutazama. Mchana mvua. Tumelala mapema.

Jumatatu: Tanga, kisha nyumbani

Tumesimama Tanga mjini kwa sababu hotelini kuna umeme wa uhakika na mwongozaji hawezi kusubiri Dar. Kwenye kompyuta mpakato akaunganisha kichupa kibichi, bila rangi, bila chochote, tukajikusanya nyuma ya bega lake. Ubeti wa kwanza mdomo umefungwa. Chai. Nguo. Mlango. Kisha kiitikio kinaingia na mdomo unafunguka chini ya kanga, wote tukasogea mbele bila kuambizana.

Meneja akaomba kirudiwe. Kilipokwisha akasema sekunde arobaini bado ni nyingi, zipunguzwe hata kumi. Mwongozaji akatazama pembeni. Msanii ndiye aliyejibu: "Toa tano, kwenye mlango. Chai usiguse." Mwongozaji akatoa tano papo hapo, akacheza tena, na kusema kweli ikawa bora kuliko mwanzo, jambo ambalo nilimwona analikiri kwa kukuna kidevu.

Wakapangiana. Rangi wiki hii, faili kwa meneja Ijumaa ijayo, YouTube baada ya hapo. Gauni lirudi dukani leo kabla ya kufungwa, la sivyo tunalipa siku nyingine.

Kwenye Noah, kuanzia Muheza, msanii alikuwa anaimba kitu kwa sauti ya chini, kipande kimoja akikirudiarudia. Safari hii nami nimepewa kiti huko, spika imebaki Hiace. Mwongozaji akamuuliza hiyo ni nini.

"Mpya. Ila hii isiwe ya bahari, kaka. Nimetapika vya kutosha."

"Ina ubeti wa pili au ni kiitikio tu?"

"Kiitikio tu."

"Basi usinipe jina lake bado," akasema, na akanyoosha simu kwangu nirekodi.